Isale Juu ya Meza ya Perege

Baba yangu hajawahi kula samaki na hana mpango wa kuanza. Amezaliwa Mwika, huku mlimani, amezeekea Mwika, kati ya migomba na kahawa, na kwake yeye samaki ni nyoka aliyejifunza kuogelea. Siku nilipopanda kumwambia kwamba binti yake, aliyempeleka kipaimara kwa gauni jeupe, sasa anauza perege sokoni Moshi mjini, aliweka chini kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, akanitazama weee. "Huko mjini ndizi zimeisha?" akauliza. Mpaka leo nikienda kumsalimia ananinawisha mikono kwa limau hapo nje kabla sijaingia ndani. Simlaumu. Ila nikinawa, nanawa taratibu, ili ajue sina haraka ya kuona aibu.

Samaki basi sikuwarithi kwetu. Niliwarithi kwa mama mkwe. Yeye ni wa tambarare, kule chini karibu na bwawa la Nyumba ya Mungu, alikokulia akila perege asubuhi na jioni. Alipoolewa mjini akaomba meza sokoni, akauza perege mpaka magoti yakakataa kusimama. Mimi nilikuwa nimeolewa na mwanawe, tunaishi wote Shirimatunda, na siku moja akanivalisha aproni yake ya plastiki bila kuniuliza kama nataka. Akanipeleka mpaka kwenye meza ile ya saruji, akaipiga kofi mara moja. "Hii sasa ni yako. Usiiache."

Somo lake lilikuwa moja. Kila perege anayefika mezani, kabla hujamnunua, mlaze kwenye kiganja: kichwa kwenye kifundo cha mkono, mkia kwenye ncha ya kidole cha kati. Akijaa mkono, mchukue. Asipojaa, huyo ni mtoto, mrudishie aliyemleta, na usimchekee.

Nilikuwa mgeni kwenye kazi nikajifanya mjanja. Nikamwambia wadogo nao wana wanunuzi wao. Alichukua perege jike mkubwa aliyekuwa ndiyo kwanza ameshushwa, akambonyeza taya kwa kidole gumba, mdomo ukafunguka. Mle ndani mlikuwa na vitoto, vidogo kama punje za ulezi, na kila kimoja kina macho. Vikamwagikia kwenye beseni. Vingine vilikuwa bado vinacheza.

"Huyu ni mama," akasema. "Watoto wake anawalea humo mdomoni mpaka waweze kujitegemea. Huyu angalau amekwisha kulea mara nyingi. Ukimvua ambaye hajalea hata mara moja, mwakani utakuja kuniuliza samaki wamekwenda wapi, na mimi nitakuchapa."

Mikono yangu ni mikubwa, mikono ya kupalilia kahawa, kwa hiyo kipimo changu kilikuwa kikali kuliko chake. Wachuuzi walinicheka. Wakawa wananiita Mama Kiganja, na mimi nikaitika, kwa sababu jina baya ukiliitikia linachoka lenyewe.

Miaka ile perege walikuwa wanauzwa mmoja mmoja. Unamchagua kwa jicho, unamnyanyua kwa mkia, unajadiliana na mteja. Sijui hasa ni lini tulianza kuuza kwa fungu. Hakuna aliyetangaza. Kwanza wawili wakawekwa pamoja, kisha watatu, halafu siku moja nikatazama meza za wenzangu zote nikaona mafungu, samaki wamelundikwa kama dagaa, na hakuna mtu anayeshangaa. Wateja nao wakazoea. Akina mama waliokuwa wanakaanga samaki mmoja akamtosha baba mwenye nyumba, sasa wanakaanga sita na bado anauliza mboga iko wapi.

Kila mtu pale sokoni alijua sababu. Kule bwawani watu walikuwa wanakokota kokoro, ule wavu mrefu unaoburuzwa chini mpaka ufukweni ukizoa kila kitu, mama, mtoto na yai. Wengine walishona vyandarua vya mbu vikawa nyavu. Serikali ikifunga bwawa samaki wapumzike, tunalalamika wote kwamba tunauawa na njaa. Likifunguliwa tunalivamia wote kama watu waliosikia harusi ina pilau. Kisha tunakaa mezani tunaulizana mbona samaki wamekuwa wadogo. Jamani.

Jambo hili liliniudhi zaidi mimi wa mlimani kuliko wenzangu. Maji ya bwawa lile yanatoka kwetu. Huku juu tuna mifongo, mifereji iliyochimbwa na mababu, na hakuna mtu anayethubutu kufungua maji siku isiyo yake. Ukifungua utaitwa mbele ya ukoo, utatoa mbege, na watoto wako watataniwa shuleni. Maji hayo hayo, yaliyolindwa hivyo kwa zamu mlima mzima, yakishafika chini kila mtu anajizolea anavyotaka. Mimi hilo nimelikataa na ninaendelea kulikataa.

Aliyekuwa anatuletea samaki tulimwita tajiri. Hakuwa tajiri kweli. Alikuwa kijana wa Kanda ya Ziwa mwenye pikapu na maneno matamu, aliyekuja kutafuta maisha kwenye kambi za wavuvi kule bwawani. Kila asubuhi alishusha matenga sokoni, na sisi wenye meza tunagawana. Sikumchukia. Alinisalimia vizuri, shikamoo mama, na mama mkwe alipougua alileta perege wakubwa wawili wa supu na hakutaka asante.

Asubuhi moja alishusha tenga mbele yangu, nikalifunua, nikamlaza wa kwanza mkononi. Mkia uliishia katikati ya kiganja. Wa pili hivyo hivyo. Nikachimba mpaka chini ya tenga, nikakuta wote ni wadogo, hakuna hata mmoja aliyefika kwenye vidole.

"Rudisha," nikamwambia.

Akacheka. "Mama, unauza samaki au unauza viganja? Ndio waliopo. Wakubwa wamekwisha."

"Wamekwisha kwa sababu ya hawa."

Akamchukua mmoja, akambonyeza mdomo kwa ufundi wangu mwenyewe, aliokuwa ameuona kwangu. Vitoto vikamwagika. Samaki mdogo vile, ana watoto mdomoni. "Umeona? Ana watoto. Huyu ni mtu mzima, mama. Siku hizi ndivyo walivyo, wanazaa wakiwa wadogo."

Nilikitazama kile kisamaki na vile vitoto, na moyo ukaniuma kweli. Kisha hasira ikapanda mpaka masikioni.

"Huyu si mtu mzima," nikasema. "Huyu ni mtoto aliyeharakishwa kuzaa kwa sababu mnawamaliza wakubwa wake. Ukiona binti wa darasa la tano ana mimba, utasema amekua? Toa tenga lako."

Soko lilisikia. Akanywea, akafunika tenga. "Sawa. Kama hutaki hawa, wangu hutawaona tena." Akalisukuma kwenye meza ya jirani yangu, mama wa Kiislamu wa hapo hapo mjini ambaye tumeuza ubavu kwa ubavu tangu nianze. Jirani akanitazama, akatazama tenga. Ana wajukuu nyumbani. Akanunua, na sikumlaumu hata kidogo.

Kesho yake pikapu ikanipita. Keshokutwa ikanipita. Mimi nilifika kila asubuhi kama kawaida, nikafunga aproni, nikaisugua meza kwa brashi na sabuni mpaka ikang'aa, nikakaa nyuma yake. Meza tupu, mimi huyo. Wapita njia walidhani nimefiwa. Wengine waliuliza nauza nini, nami nikawanyooshea kiganja na kuwaeleza habari ya perege kutoka kifundoni mpaka kidoleni, tena kwa sauti, maana sauti ninayo. Mume wangu, ambaye ni fundi wa kuchomelea vyuma Bomang'ombe, alirudi jioni akakuta ndizi na maharage kwa mara nyingine. Akala. "Naona tunamsubiri perege akue," akasema. Nikamwambia ndiyo, tena ale polepole.

Mwenyekiti wa soko letu akanifuata. Ni mtu mzima wa upande wa Machame, mpole, mzee wa kanisa, anayependa mambo yaende kwa utaratibu. Akakohoa. "Mama, unaijua sheria ya soko. Meza isiyo na bidhaa anapewa mwingine. Watu wengi wanaomba."

Nikamwambia nitaleta ndizi kutoka kwetu nipange juu. Akatikisa kichwa, upande huu ni wa samaki tu. "Nakupa wiki moja kuanzia leo. Ikiisha meza ikiwa tupu, nitampa mtu. Usinilaumu."

Hapo ndipo nilipoogopa. Njaa ya siku mbili tatu tungeivumilia, fundi angechomelea mageti, maisha yangekwenda. Lakini meza ile niliambiwa nisiiache. Mama mkwe yuko nyumbani hatembei, na kila jioni anauliza leo meza imeuza nini, na mimi nilikuwa bado sijamdanganya. Ningemwambia nini? Kwamba nimeipoteza kwa kushika neno lake mwenyewe? Nilimweleza yote usoni. Akaomba mkono wangu, akaukunjua kiganja akautazama. "Wewe una mikono mibaya," akasema. "Mikubwa mno. Mimi ningewapitisha baadhi." Halafu akacheka mpaka akakohoa, na kucheka kwake kukanitia nguvu kuliko kama angenibembeleza.

Jumapili nikapanda Mwika baada ya ibada. Nilimkuta baba kwenye mpaka wa kihamba, shamba letu la ukoo, anapunguza majani makavu ya masale. Kwa asiyelijua, isale ni mmea wetu wa majani marefu membamba. Una kazi mbili. Shina lake likipandwa ardhini, hapo ndipo mpaka, na hakuna Mchaga atakayeling'oa peke yake kwa ujanja, hata awe na tamaa ya shamba namna gani. Na jani lake, moja tu, ukimpelekea mtu uliyemkosea, unakuwa umekiri kosa, na yeye lazima akusamehe. Akikataa isale, anayeonekana mbaya ni yeye. Hayo tunayajua tangu tukiwa tunanyonya.

Nilinawa limau, nikamsimulia baba habari ya meza. Alisikiliza bila kuacha kazi.

"Kwa hiyo unagombana na watu kwa ajili ya nyoka wadogo."

"Ndiyo, baba."

"Meza ni yako?"

"Ni yangu."

"Basi usitoke." Akaenda kumtazama ng'ombe. Mimi nilikuwa sihitaji zaidi.

Nilipoteremka Jumatatu nilikuta kitu nisichokitegemea. Akina mama wanunuzi, wale niliokuwa nikiwanyooshea kiganja kutwa, walikuwa wanalaza samaki mikononi kwenye meza za wenzangu. Mmoja mwenye mtoto mgongoni alimlaza perege, akamtazama, akamrudisha kwenye fungu. "Huyu hajafika," akasema, akaenda kununua maharage. Mwingine akafanya vile vile. Jirani yangu alikuwa amekaa na mafungu yake mpaka jua likawa kali. Akaniinamia. "Jirani, umeniharibia biashara." Kisha akaongeza taratibu, "Kesho nitampima kwanza na mimi. Nimechoka kuuza vitu ambavyo paka ananidharau."

Tajiri akaanza kuondoka na matenga yaliyouzwa nusu tu. Hapo mtu fulani pale sokoni, sijui nani na natamani kumjua nimshukuru, akamnong'oneza: yule mama ni Mchaga, mpelekee isale, hawezi kukukatalia.

Siku ya mwisho niliyopewa na mwenyekiti, soko likiwa limejaa, tajiri akaja moja kwa moja mezani kwangu. Kwapani amebeba tenga. Mkononi ameshika isale. Ila hakuleta jani. Maskini, hakuna aliyemfafanulia, akaenda mahali akakata shina zima, nene kama kidole gumba, lenye majani juu, akalibeba kama mtu anayepeleka bendera. Akapiga magoti pale kwenye maji ya samaki na suruali yake nzuri.

"Mama, nimekukosea. Nimekuletea isale. Naomba tuyamalize, upokee na mzigo."

Wachaga wote waliokuwepo walikuwa wananitazama mikono. Nilisimama. Nilijifuta kwenye aproni, nikalipokea shina lile kwa mikono miwili.

"Aika," nikamshukuru kwa lugha ya kwetu. "Nimekusamehe. Ulinipita na pikapu, nimekusamehe. Ulinitania mbele za watu, nimekusamehe. Simama mwanangu, unaloa."

Akasimama na tabasamu kubwa, akafungua tenga. Nikamchukua perege wa juu, nikamlaza kiganjani bila haraka, wote waone. Mkia ukaishia katikati.

"Rudisha," nikamwambia.

Tabasamu likakauka. "Lakini mama, umepokea isale. Wameniambia ukishapokea huwezi kukataa."

"Siwezi kukataa kukusamehe, na nimekusamehe. Ila hawakukwambia yote. Kwetu aliyeleta isale amekiri kosa, na kosa aliloliletea isale halirudii. Umekiri mwenyewe, magotini, watu wote wameona. Sasa unataka kulirudia hapo hapo, hata magoti hayajakauka?"

Mtu akacheka upande wa nyuma, kisha wakacheka wengi. Tajiri alitazama tenga lake, akanitazama, na nitasema kwa haki yake kwamba hakunitukana. Alibeba mzigo akaondoka. Alipopita kwa jirani yangu, jirani alikuwa amekwisha kukunja mikono.

Basi nikabaki na meza tupu na shina la isale. Nikatafuta kopo la rangi, nikaomba udongo kwa wauza miche ya mboga, nikalipanda. Nikaliweka kwenye kona ya meza yangu.

Mwenyekiti alikuja alasiri kama alivyoahidi, na nyuma yake mwanamke aliyebeba beseni jipya. Alifika akaona meza haina samaki, akafungua mdomo aseme, kisha akaona kopo. Akanyoosha mkono alisogeze. Mkono ukasimama njiani.

"Nani amepanda hii?"

"Mimi."

"Mama, hii ni saruji ya soko. Si kihamba."

"Basi ing'oe," nikamwambia.

Alikuwa na haki yote ya sheria, na lilikuwa kopo tu, lingeondoka kwa kidole. Nilimwona akifikiria. Mzee wa kanisa, mtu wa Machame, amekulia kati ya masale kama mimi. Akautoa mkono, akauingiza mfukoni. Alimgeukia yule mwanamke akamwambia wakatazame meza nyingine upande wa mlangoni. Mimi nilikaa chini, nyuma ya meza yangu.

Sitaki mtu afikiri kwamba perege wamerudi. Hawajarudi. Kuna mvuvi mmoja mzee kule bwawani anayetega kwa nyavu za macho makubwa; habari zangu zilimfikia, na sasa akipata wachache waliojaa mkono ananitumia kwa gari la abiria. Siku nyingine ni sita, siku nyingine hakuna. Tajiri siku hizi analeta viazi. Kokoro bado zinakokotwa, najua, kwa sababu kuna masoko mengine na kuna mikono isiyopima. Mimi siwezi kulinda bwawa zima. Ninaweza kulinda meza moja, na kwenye meza hii mtoto hapiti, hata serikali isipotazama, hata nikikaa tupu mwezi mzima. Jioni nikirudi, mama mkwe ananiuliza meza imeuza nini. Siku za hivyo namjibu, haijauza kitu, lakini ipo. Anaitika kwa kichwa, anaomba uji.

Isale limeshika mizizi. Limetoa majani mapya, na wenzangu wakipita wanalimwagia maji ya kuoshea mikono, japo nimewaambia yana magamba.

Juzi alikuja msichana mgeni na kapu lake. Akatazama meza iliyosuguliwa, akatazama kopo, akanitazama mimi na aproni yangu.

"Shikamoo mama. Hapa unauza nini?"

"Marahaba. Perege."

"Wako wapi?"

"Wako bwawani," nikamwambia. "Wanakua."